Usukani wa Pikipiki Uinuliwe kwa Kipimo

Pikipiki imekuwa mtumishi mkuu wa askari na wa raia nchini Uganda. Polisi huitumia kwenye doria za vijiji visivyofikiwa na gari, mjumbe wa kikosi hupeleka nayo barua na vifaa, muuguzi huenda nayo kumwona mgonjwa, na mwenye nyumba humpeleka nayo mke kliniki na mtoto shuleni. Hata jina la boda boda, ambalo leo hutajwa katika miji yote ya Afrika Mashariki, lilizaliwa mpakani Busia wakati abiria walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Baiskeli imeiachia pikipiki kazi hiyo, na pikipiki imeleta raha pamoja na maradhi yake.

Maradhi yanayozungumzwa hapa si yale ya ajali, ambayo kila mtu huyaona. Ni yale yanayoingia polepole: mgongo unaouma jioni, shingo inayokakamaa, mabega mazito kama yaliyobeba gunia, na vidole vinavyokufa ganzi mpaka mpandaji asijue kama ameshika breki au hakuishika. Wengi huyachukulia kuwa ni mshahara wa kazi. Lakini wahenga walisema kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende. Aghalabu chanzo chake ni kimoja tu: usukani haulingani na mwili wa yule anayeushika. Usukani huo waweza kuinuliwa. Ila ukiinuliwa kwa pupa, dawa huwa mbaya kuliko ugonjwa.

PEMBETATU YA MPANDAJI

Mtu aliyekaa juu ya pikipiki hushikiliwa na mambo matatu: kiti kilicho chini ya makalio, vikanyagio vilivyo chini ya nyayo, na usukani ulio mikononi. Mambo hayo matatu hufanya pembetatu, na umbo la pembetatu hiyo ndilo linaloamua namna mwili utakavyokaa. Usukani ukiwa chini na mbali, mpandaji huinama. Uzito wa kifua na mabega humwagika juu ya viganja. Usukani ukiwa juu na karibu, mpandaji huketi wima. Uzito wote hushuka katika uti wa mgongo na makalio.

Kila umbo lina kazi yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Uingereza lilitumia pikipiki za BSA M20, nalo jeshi la Marekani lilitumia Harley-Davidson WLA. WLA ilikuwa na usukani mpana uliorudi nyuma kumwelekea mpandaji, kwa sababu askari alitarajiwa kukaa kitini saa nyingi, kwa mwendo wa wastani, katika njia mbovu. Katika miaka ya 1960, vijana wa Uingereza waliokuwa wakikutana mahali kama Ace Cafe, London, walifanya kinyume: waliushusha usukani ili wailalie pikipiki na kuupasua upepo. Vijana wa Marekani nao waliupandisha mpaka mikono ikawa juu kama ya mtu aning'iniaye mtini, na filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969 ikaieneza sura hiyo duniani. Wale wa kwanza walitafuta kazi, wa pili mbio, na wa tatu sura. Mwenye pikipiki hana budi kujiuliza yeye anatafuta nini kabla hajagusa spana.

Kwa askari wa doria na kwa baba au mama wa nyumba, jibu ni wazi. Mwendo wao si wa mashindano. Barabara zao ni za lami mjini na za murramu vijijini, zenye mashimo wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Wanahitaji kukaa wima kiasi, kuona mbali, na kuwa na viwiko vilivyokunjika kidogo ili mikono ipokee mshtuko wa barabara badala ya kuupeleka moja kwa moja mabegani.

MWILI UNASEMA NINI

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kofia ya chuma ya pikipiki huongeza zaidi ya kilo moja juu yake. Mpandaji akiinama mbele, shingo hulazimika kukishika kichwa hicho kikiwa kimeinuliwa ili macho yaone njia. Misuli ya nyuma ya shingo hufanya kazi bila kupumzika, na baada ya saa mbili huanza kukaza. Ndiyo maana safari ya kutoka Kampala hadi Mbarara, ambayo ni kilomita 270 hivi, humwacha mtu mmoja akiwa mchangamfu na mwingine akiwa hawezi kugeuza kichwa.

Mikono nayo ina lugha yake. Ganzi ikiingia katika kidole cha mwisho na katika kile kinachokifuata, neva inayopita pembeni mwa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, ndiyo inayobanwa. Hiyo ni dalili kwamba mpandaji anaegemea mno juu ya mishikio. Ganzi ikiingia katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, neva inayobanwa ni ile ipitayo katikati ya kifundo cha mkono, na sababu yake aghalabu ni kifundo kilichopindwa kwa muda mrefu kwa kuwa mikono ya klachi na breki imeelekezwa juu mno au chini mno. Mtetemo wa injini huzidisha hali zote mbili.

Ganzi inayoondoka baada ya mtu kushuka na kukunjua vidole hurekebishwa kwa spana. Ile inayomwamsha mtu usiku, au inayomfanya aangushe kikombe, hupelekwa kwa daktari wala haimalizwi na fundi wa pikipiki.

Kuna jambo jingine ambalo askari hapaswi kulisahau. Mkono uliokufa ganzi huchelewa kushika breki. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja tu. Nusu sekunde ya kuchelewa ni zaidi ya mita 8, nao huo ni umbali wa kutosha kuwa kati ya kusimama na kumgonga mtoto aliyekimbilia mpira barabarani. Basi suala la kukaa vizuri si suala la starehe peke yake.

KABLA YA KUNUNUA CHOCHOTE

Mara nyingi tatizo huondoka bila kutoa hata shilingi moja. Usukani wa pikipiki nyingi ni bomba la chuma lililopindwa, nalo hushikwa katikati na vibano viwili vyenye bolti nne. Bolti hizo zikilegezwa kidogo, usukani huweza kuzungushwa. Ukizungushwa nyuma, ncha zake humkaribia mpandaji. Ukizungushwa mbele, humwondokea. Sentimita moja au mbili huweza kuubadili mwili mzima.

Baada ya hapo hufuata mikono ya klachi na breki. Mpandaji hukaa kama akaavyo siku zote, hunyoosha vidole juu ya mikono hiyo, na mwenzake humtazama kutoka ubavuni. Mkono wa mbele, kifundo na vidole yapasa viwe katika mstari mmoja. Kifundo kikipanda au kikishuka, mikono ya klachi na breki izungushwe mpaka mstari upatikane. Kwenye breki ya mafuta yafaa kuangalia kwamba kile kikopo cha mafuta ya breki hakilali upande, kwa maana kikiinama sana hewa huweza kuingia katika mpira wa breki.

Kiti pia kiangaliwe. Kiti kilichobonyea katikati humshusha mpandaji na kumsogeza kwenye tangi, kisha yeye husema usukani ni mrefu au mfupi kumbe kosa ni la sifongo lililochoka. Vikanyagio vilivyopinda baada ya pikipiki kuanguka huupotosha mwili vilevile. Hata shokomzoba za mbele zilizovuja mafuta hufanya pua ya pikipiki ishuke na usukani ushuke pamoja nayo. Mwenye kuinua usukani juu ya kasoro kama hizo ni sawa na mtu apakaye chokaa juu ya ukuta wenye ufa.

KIASI GANI KIINULIWE

Yote hayo yakishatazamwa na mwili bado ukilalamika, ndipo wakati wa kuinua usukani umewadia. Njia zilizo salama ni mbili. Ya kwanza ni kuweka vipande vya chuma au alumini vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, chini ya vibano au badala yake, ili usukani ule ule ukae juu zaidi. Ya pili ni kuuondoa usukani wa zamani na kuweka mwingine uliopindwa kwa urefu unaotakiwa. Kwa njia ya pili ni lazima unene ulingane: pikipiki nyingi ndogo hutumia bomba la milimita 22, na baadhi ya pikipiki za kisasa za njia mbovu hutumia bomba lenye milimita 28 katikati. Bomba jembamba ndani ya kibano kipana halikazwi kwa kuwekewa kipande cha bati. Hilo ni jambo la kumwua mtu.

Kuhusu kipimo, mpandaji wa kawaida huona nafuu kwa milimita 20 hadi 30 tu. Kiasi hicho huonekana kidogo kwenye rula, lakini juu ya pikipiki kinatosha kukunja viwiko na kunyoosha mgongo. Tena mara nyingi kiasi hicho hakihitaji waya mpya. Kikizidi hapo, mafundi hulazimika kubadili waya wa klachi, waya wa mafuta, nyaya za umeme na mpira wa breki, na gharama hupanda pamoja na usukani.

Kuna mpaka ambao haufai kuvukwa. Viganja visipite urefu wa mabega. Mikono ikiwa juu ya mabega, misuli huchoka upesi kwa sababu hubeba uzito wa mikono yenyewe, na damu hufika vidoleni kwa taabu. Isitoshe, kifua kilichosimama wima hugeuka kuwa tanga la jahazi. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukizidishwa mara mbili, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, msukumo wa upepo huwa mara nne. Mpandaji wa namna hiyo hulazimika kung'ang'ania usukani asirushwe nyuma, na ile raha aliyoitafuta humponyoka.

Mpaka mwingine ni gurudumu la mbele. Usukani ukiinuka na kurudi nyuma, mwili nao hurudi nyuma, na gurudumu la mbele hupoteza sehemu ya uzito wake. Katika tambarare mtu haoni tofauti. Lakini katika milima ya Kigezi, akiwa na abiria nyuma na mkungu wa matoke juu ya kibebeo, gurudumu hilo jepesi huanza kutangatanga, na kona iliyozoeleka hukataa kukatwa. Mwenye kubeba mizigo mizito na ainue kidogo kuliko yule apandaye peke yake.

KAZI YENYEWE

Kazi hufanywa mahali tambarare, pikipiki ikiwa imesimamishwa juu ya stendi kubwa, injini ikiwa baridi. Blanketi kuukuu hutandikwa juu ya tangi ili spana ikianguka isilikwaruze, na kama breki ni ya mafuta, tangi lilindwe zaidi, maana mafuta ya breki huila rangi. Kabla ya kufungua chochote, njia ya kila waya itazamwe vyema na kukumbukwa. Mwenye simu apige picha. Urefu wa mishikio kutoka ardhini upimwe pande zote mbili na kuandikwa.

Bolti za vibano hulegezwa moja baada ya nyingine, kidogo kidogo. Usukani hulazwa polepole juu ya blanketi bila kuuning'iniza kwa mpira wa breki. Vipande vya kuinulia huwekwa, na hapo ndipo bolti zinapotazamwa kwa makini. Bolti za zamani aghalabu huwa fupi kwa kazi mpya. Bolti inayoshika meno mawili matatu tu huonekana imekaza, kisha hung'oka siku ya shimo kubwa. Kanuni ya mafundi ni kwamba ndani ya chuma cha pua au chuma cha kawaida, bolti iingie angalau kwa urefu ulio sawa na unene wake. Ndani ya alumini, ambayo ni laini, iingie kwa mara moja na nusu. Kwa hiyo bolti yenye unene wa milimita 8 iingie milimita 12 katika alumini. Bolti iwe ya chuma kigumu cha daraja lile lile lililotoka kiwandani, si ya kuokota katika kopo la misumari.

Baadhi ya vibano vina alama ya nukta au mshale. Kwa kawaida upande wenye alama huelekea mbele, na bolti za mbele hukazwa kwanza mpaka pengo lifungike, kisha hukazwa za nyuma. Vibano vingine hutaka pengo liwe sawa mbele na nyuma. Kitabu cha pikipiki ndicho mwamuzi. Bolti ya milimita 8 mahali hapo hukazwa kwa nguvu ya Nyutoni-mita 20 hadi 25 hivi. Asiyekuwa na spana ya kupimia nguvu aende kwa fundi aliye nayo, kwa kuwa kukaza kupita kiasi hukata meno ya alumini, na kukaza kwa huruma huuacha usukani ukizunguka mkononi wakati wa kufunga breki.

Mambo matatu yakatazwe kabisa. La kwanza ni kuinua usukani kwa rundo la washa zilizopangwa juu ya nyingine, kwa sababu huteleza. La pili ni kuunganisha kipande cha bomba kwa kuchomelea, kwa maana moto wa kuchomelea hubadili tabia ya chuma pembeni mwa kiungo, na usukani huvunjika hapo hapo bila kutoa onyo. La tatu ni kutumia bomba la maji lililopindwa kwa nguvu za mikono. Bomba la maji lilitengenezwa lipitishe maji, halikutengenezwa kubeba roho ya mtu.

WAYA HAUSEMI UONGO

Usukani ukishakazwa, kazi iliyo muhimu kuliko zote ndiyo kwanza inaanza. Usukani ugeuzwe mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia, polepole, huku mtu akiangalia kila waya na kila mpira. Hakuna waya unaopaswa kuvutika, kubanwa kati ya fremu na shokomzoba, au kupindwa kama shingo ya kuku. Mpira wa breki usikaze hata shokomzoba zinaponyooka kabisa, yaani gurudumu la mbele linapoinuliwa kutoka ardhini.

Baadaye injini iwashwe, gia ikiwa huru, pikipiki ikiwa juu ya stendi na mtu mmoja ameishikilia. Usukani ugeuzwe tena kushoto na kulia. Mlio wa injini usibadilike. Ukipanda, waya wa mafuta ni mfupi na unavutwa na usukani wenyewe. Pikipiki ya namna hiyo itaongeza mwendo pale pale mpandaji anapokata kona kali, na yeye hatajua kwa nini. Mshikio wa mafuta, ukifunguliwa na kuachiwa, urudi wenyewe kwa haraka, usukani uwe umenyooka au umegeuzwa.

Waya za klachi na mafuta zinahitaji ulegevu kidogo. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mshikio wa mafuta huzunguka milimita 2 hadi 6 kabla ya kuvuta, na ncha ya mkono wa klachi huenda milimita 10 hadi 20 katika baadhi yake. Zipo aina zinazotaka chini ya hapo, hivyo kitabu cha kila pikipiki kifuatwe. Klachi isiyo na ulegevu wowote huteleza na kuungua. Kama mpira wa breki umefunguliwa kwa sababu yoyote, hewa itolewe mpaka mkono wa breki uwe mgumu kama jiwe. Mkono unaobonyea kama sifongo unatangaza kwamba hewa imo ndani, na pikipiki hiyo isitoke nje ya ua.

Jaribio la kwanza lifanywe uwanjani, mbali na watu, kwa mwendo wa mguu: kuzunguka kushoto, kuzunguka kulia, kufunga breki. Vioo vya pembeni virekebishwe upya kwani macho yamebadili mahali. Taa nayo ikaguliwe usiku kama imefungwa kwenye usukani. Baada ya kilomita 100 hivi, bolti zote zikaguliwe tena, kwa maana chuma kipya hujipanga chini ya mzigo na kulegea kidogo.

PIKIPIKI YA SERIKALI NA PIKIPIKI YA NYUMBANI

Askari hana budi kutofautisha mali yake na mali ya umma. Pikipiki ya kikosi ina namba, ina daftari, na ina karakana inayowajibika. Leo anaipanda mtu mrefu, kesho mfupi. Mpandaji akiibadilisha kwa siri, mwenzake wa zamu inayofuata huipokea bila kujua kwamba waya umevutwa au bolti ni fupi. Pakitokea ajali, swali la kwanza litakuwa ni nani aliyegusa usukani. Njia ya haki ni kusema. Katika karakana nyingi mazungumzo huwa mafupi.

"Afande, kila nikimaliza doria vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi."

"Mkono upi?"

"Wa kulia, afande."

"Kaa juu yake nikuone. Nyoosha vidole. Unaona? Unaulalia usukani kama mto wa kitanda. Lete spana ya 12, kisha tuandike katika daftari."

Hapo kazi hufanywa na mwenye ujuzi, ikaandikwa, na kila atakayeipanda pikipiki hiyo akajua. Nidhamu haimkatazi askari kutaja maumivu yake; inamkataza kuyaficha mpaka yawe hatari kwa wenziwe.

Nyumbani, mambo ni tofauti kidogo. Pikipiki ya familia hupandwa na baba na mama pia, na huenda mama ana mikono mifupi zaidi. Yafaa usukani upimwe kwa yule mwenye mikono mifupi, kwa kuwa mtu mrefu huvumilia usukani ulio karibu, bali mtu mfupi hawezi kabisa kuufikia usukani ulio mbali wakati wa kukata kona. Mama anayeunyoosha mkono mpaka bega linatoka hana nguvu ya kubana klachi barabarani penye magari mengi.

Abiria naye ahesabiwe. Mpandaji akikaa wima, makalio hurudi nyuma, na nafasi ya anayeketi nyuma hupungua. Jaribio lifanywe wote wawili wakiwa juu ya kiti kabla bolti hazijakazwa kwa mara ya mwisho. Mtu asijidanganye kwamba usukani ulioinuliwa umefungua nafasi ya kumketisha mtoto mbele juu ya tangi. Mtoto wa mahali hapo huzuia usukani kugeuka, na pikipiki ikisimama ghafla kifua cha baba humsukuma juu ya chuma. Nafasi hiyo ni ya viwiko vya mpandaji tu.

NEEMA YA KUSIMAMA

Faida moja ya usukani uliopimwa vyema huonekana katika njia mbovu. Wapandaji wa mashindano ya Dakar, yaliyoanza kukimbiwa mwishoni mwa Desemba 1978 kwa jina la Paris–Dakar, hupita sehemu ngumu wakiwa wamesimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, ili miguu ifanye kazi ya shokomzoba. Pikipiki za njia hizo hupewa usukani wa juu kiasi na mpana ili aliyesimama asiiname. Askari apitaye katika vumbi la Karamoja au matope ya masika anaweza kufanya hivyo hivyo kwa mwendo mdogo, ikiwa usukani wake unamruhusu kusimama bila kuinamisha kichwa. Basi katika kupima, mpandaji apimwe akiwa ameketi na akiwa amesimama, kisha achague urefu unaokubaliwa na hali zote mbili.

Yote yaliyoelezwa hayadai utajiri. Yanadai tepu ya kupimia, mwenzi mwenye macho, fundi mwaminifu, na nusu siku ya subira. Mpandaji aanze na lile lisilo na gharama, ainue kidogo, ajaribu kwa juma moja, kisha ausikilize mwili wake. Maumivu yakiondoka, asiendelee kupandisha kwa ajili ya sura. Yasipoondoka, aurudishe usukani mahali pake pa awali, akatafute sababu nyingine kwa fundi au kwa daktari.

Haraka haraka haina baraka, na pikipiki huufundisha ukweli huo kwa ukali kuliko vyombo vyote. Mtu aliyetumia nusu siku kuukagua waya na bolti atafika kituoni akiwa na vidole vinavyohisi breki, na jioni ataingia nyumbani akiwa na mgongo unaoweza kuinama kumwinua mtoto.